Kibebe wa kwanza kwa fimbo ya nzi: akiruka, unakaza au unalegeza?

#1 Kibirizi_Kwetu
Mwakeye wakuu. Swali langu fupi, ila najua majibu yatakuwa marefu. Kuna fimbo ya nzi (yule chambo bandia wa manyoya) namba 9 imefika Kigoma, na rili yake na mishipi miwili, mmoja unaelea na mmoja unazama. Kazi yake ni kibebe, yule samaki wa meno makali, kuanzia kwenye miamba ya kuelekea Katonga mpaka mdomo wa Malagarasi huko chini ya Ilagala. Samaki anapiga, hilo halina ubishi. Shida ni kwamba anapiga, anaruka mara moja, anatikisa kichwa, halafu nzi anarudi peke yake. Kati ya kumi wanaopiga, mtumbwini anafika mmoja, au hafiki hata huyo.

Maelekezo yote ninayoyapata ni ya tarponi wa Marekani, samaki mkubwa wa baharini: akiruka mwinamie, fimbo mbele, legeza mshipi. Kwa kibebe ukilegeza anatoka. Ukikaza anatoka vilevile. Wajuzi mnasemaje?

#2 Chubwi
Kaza. Mshipi uliolegea ni mlango ulioachwa wazi. Huku kwenye mshipi wa mkono hakuna mtu anayemwinamia samaki, na jioni wanauzwa.

#3 Mto_Ugalla
Chubwi, hapo unalinganisha kinu na mtungi. Mshipi wa mkono hauna kitu cha katikati: mkono, uzi, ndoana, basi. Fimbo ya nzi ina futi 9 za kitu kinachopinda, na kinachopinda kinakula nguvu.

Kabla hatujabishana kuhusu kuruka, mtoa mada atuambie kwanza kama huyo samaki alishikwa kweli. Kinywa cha kibebe ni mfupa mtupu na meno. Pa kuzamia ndoana ni pembeni mwa taya, kwenye kona, na vijisehemu vichache vya ngozi. Pengine ndoana huwa imeng'ang'ania jino tu au imeegemea mfupa. Samaki anakwenda nayo mita tano kwa sababu amefunga mdomo. Akiruka anaufungua, na kilichokuwa kimeegemea kinadondoka. Hapo ukaze usikaze, hakuna ulichopoteza maana hukuwa na kitu.

Jaribu nyumbani. Chukua mizani ya kuning'iniza, ile ya kupimia samaki gengeni, ifunge kwenye mti. Funga ncha ya mshipi kwenye ndoano ya mizani, rudi nyuma hatua ishirini, halafu nyanyua fimbo juu kwa nguvu zako zote huku mwenzako anasoma mshale. Kisha elekeza fimbo kwenye mizani, imenyooka, uvute mshipi kwa mkono wa kushoto. Mshale utakupa jibu kuliko mimi.

#4 Kibirizi_Kwetu
Mkuu Mto_Ugalla, nakiri fimbo inanyanyuliwa juu. Ndivyo mikono inavyotaka yenyewe. Hilo jaribio litafanyika leo.

#5 Mwana_Ujiji
Namba 9 maana yake urefu, futi 9. Kwa kibebe tafuta namba 12, ndefu zaidi, inyanyue vizuri.

#6 Fundi_Rili
Mwana_Ujiji, hapana. Futi 9 ni urefu, kama mita 2.74, na fimbo ya namba 6, ya namba 9 na ya namba 12 zote zinaweza kuwa na futi 9. Namba ni uzito wa mshipi unaotakiwa na hiyo fimbo. Futi 30 za mwanzo za mshipi namba 9 zina uzito wa kama gramu 15.5, za namba 8 kama gramu 13.6. Mvuvi wa chubwi anarusha risasi na risasi inauvuta uzi. Huku ni kinyume: nzi ni manyoya, hana uzito wa kwenda popote, kwa hiyo mshipi wenyewe ndio mzito na ndio unaombeba nzi. Ukifunga mshipi wa namba 6 kwenye fimbo ya namba 9, fimbo haipindi na nzi anaanguka miguuni kwako.

Namba 11 na 12 ni za tarponi mkubwa. Kwa kibebe wa kilo mbili mpaka tano, 8 au 9 inatosha. Ya 12 utairusha dakika ishirini, kisha uombe uji.

#7 Mwana_Ujiji
Nimekubali. Ila uji wa Ujiji ni mzuri.

#8 Bahari_na_Ziwa
Niseme kuhusu hiyo kanuni ya kuinamia, kwa sababu watu wanaichukua bila sababu yake.

Tarponi wa Atlantiki, Megalops atlanticus, ni samaki wa kutisha. Rekodi ya dunia kwa zana zozote ni karibu kilo 130, Rubane, Guinea-Bissau, mwaka 2003. Kwa fimbo ya nzi ni ratili 202 na nusu, karibu kilo 92, Homosassa huko Florida, mwaka 2001. Sasa huyo anavuliwa kwa nailoni ya mbele ambayo sehemu yake dhaifu inabeba kilo 9 hivi. Akiwa majini, maji yanambeba. Akiwa hewani hakuna kinachombeba, uzito wote ni wake, na akianguka juu ya uzi uliokazwa uzi unakatika kama wa pamba. Mtu anainama na kusukuma fimbo kuelekea kwa samaki ili kuuokoa UZI.

Kibebe wa kilo tatu kwenye nailoni inayobeba kilo 11 hadi 13 hawezi kuikata kwa kuanguka. Kwa hiyo sababu ya kuinama haipo. Mmeazima dawa ya mgonjwa mwingine.

#9 Chubwi
Nilisema nini? Kaza.

#10 Mto_Ugalla
Bahari_na_Ziwa, nusu nakubali. Uzi ni sababu mojawapo, lakini wavuvi wa tarponi wanainama pia kwa ajili ya ndoana. Samaki anayetikisa kichwa hewani dhidi ya mshipi uliokazwa anapata kitu cha kusukumia. Mshipi ukiwa na nafasi kidogo, kichwa kinakwenda na nzi anakwenda nacho. Ukiwa umekazwa, kichwa kinakwenda na nzi anabaki palepale. Hapo ndipo anapong'oka. Kinywa cha tarponi nacho ni mfupa, kwa hiyo mgonjwa si tofauti sana kama unavyosema.

#11 Bahari_na_Ziwa
Ndoana iliyozama mpaka kwenye mkunjo haing'oki kwa kusukumiwa. Iliyozama ncha tu inang'oka kwa lolote. Tunarudi kwenye post yako mwenyewe ya #3.

#12 Mto_Ugalla
Haya, hapo umenishika.

#13 Manyoya_Mawili
Ninyi mnabishana juu ya mkono, mimi naomba kuona nzi. Mtoa mada, macho ya nzi wako ni ya nini na ana urefu gani?

#14 Kibirizi_Kwetu
Macho ni risasi, kubwa kiasi ili azame haraka. Urefu ni kama sentimita 15. Ndoana saizi 4/0, nene, imeandikwa ya baharini.

#15 Manyoya_Mawili
Tatizo lako lipo hapo, na yako matatu.

Mosi, risasi nzito kichwani mwa nzi ni nyundo. Kibebe akitikisa kichwa, ile risasi inabembea na kuinyanyua ndoana kila upande. Punguza. Tumia shanga za chuma za mnyororo mdogo, ule unaoshikilia kizibo cha sinki, na kina ukitafute kwa mshipi unaozama.

Pili, sentimita 15 ni nyingi. Kibebe hamezi kwanza, anakata kwanza. Anampiga samaki mdogo mkiani au katikati amsimamishe, kisha ndiyo anarudi. Mkia wa nzi ukipita sana mkunjo wa ndoana, unachosikia mkononi ni meno kwenye manyoya. Angalia nzi wako: kama mkia umekatwa kama kwa mkasi, hakukuwa na ndoana mdomoni. Sentimita 8 hadi 10 zinatosha, na ndio urefu wa dagaa aliyekomaa.

Tatu, 4/0 nene inahitaji nguvu kubwa kuzama kwenye mfupa. Ni ya tarponi na fimbo ya 12. Kwa fimbo ya 9 shuka mpaka 1/0 au 2/0, ya waya wa wastani. Nyembamba sana usiguse, taya la kibebe linaikunja.

#16 Fundi_Rili
Naongeza ya nne: tupa, ile ya kunolea. Ndoana mpya ya dukani haijawa kali mpaka uinoe. Weka ncha juu ya ukucha wa dole gumba, ikokote bila kukandamiza. Ikiteleza, butu. Ikikwama papo hapo, inafaa. Noa kuelekea kwenye ncha, pande tatu, mara nne tano kila upande, na kila ukigonga mwamba pima tena. Halafu kandamiza lile jino la nyuma ya ncha kwa plaizi. Lenyewe ndilo pana zaidi, ndilo linalozuia ndoana isizame mpaka kwenye mkunjo.

#17 Chubwi
Fundi, ukikandamiza jino samaki si atachomoka akilegezewa? Ndiyo maana nasema kaza. Na mimi kukandamiza jino sikubali. Jino liliwekwa na waliotengeneza ndoana, hawakuwa wajinga.

#18 Fundi_Rili
Waliitengeneza kwa chambo, mzee wangu. Samaki amemeza, amelala nacho.

#19 Nguruka_Stesheni
Naomba hatua za kufunga huyo nzi kwa vitu vya hapa. Vya kuagiza bei yake haishikiki.

#20 Manyoya_Mawili
Huyu ni ndugu wa nzi aliyebuniwa na Bob Clouser wa Pennsylvania. Kwa ndoana 2/0:

Banisha ndoana kwenye jiliwa, au kwenye plaizi iliyofungwa mpira na kukazwa mezani. Tandaza uzi wa cherehani wa poliesta kuanzia nyuma ya tundu mpaka mwanzo wa mkunjo. Shanga mbili za chuma zikae kwa juu, theluthi moja nyuma ya tundu, zifungwe kwa msalaba mara kumi na tano, kisha tone la gundi ya haraka. Hapa ndipo wengi wanakosea: wanayabana macho karibu sana na tundu, kisha hakuna pa kufungia nywele wala fundo, na uzi unateleza mbele.

Nywele nyeupe za mkia wa mbuzi, fungu la unene wa njiti mbili za kiberiti, zifunge nyuma ya macho na mbele yake, upande uleule wa macho. Geuza ndoana, maana majini itaogelea ncha ikiwa juu. Upande huo wa pili weka nyuzi kumi za kung'aa, zile za mapambo ya Krismasi zilizochanwa vipande vyembamba, kisha fungu la nywele nyeusi au za kahawia. Malizia kwa fundo na gundi, acha ikauke usiku mzima. Nywele chache ni bora kuliko nyingi. Ukimlowesha akawa mnene kama brashi ya rangi, umezidisha.

Nywele zioshwe kwa sabuni kwanza. Mafuta yakibaki hazizami, na gundi haishiki.

#21 Mwana_Ujiji
Mbuzi mweusi na mbuzi mweupe wa jirani watahadharishwe.

#22 Nguruka_Stesheni
Shukrani. Kuku je?

#23 Manyoya_Mawili
Manyoya ya shingo ya jogoo yanaogelea vizuri kuliko ya mbuzi, ila kibebe mmoja anayamaliza. Mbuzi anakwenda mpaka watatu wanne.

#24 Waya_Mwembamba
Hakuna aliyetaja waya mpaka sasa, nashangaa. Bila waya hamna kibebe, kuna kuchangia nzi ziwani. Tumieni waya wa breki ya baiskeli, ufumueni, uzi mmoja wake unatosha. Sentimita 40.

#25 Fundi_Rili
Waya wa breki unafanya kazi siku moja, ya pili una kutu, ya tatu unakatika kwenye mkunjo. Afadhali uzi mwembamba wa gitaa, ule wa chuma kitupu usiozungushiwa kitu, unene wa milimita 0.25 hadi 0.30. Na sentimita 40 ni ndefu, nzi anaogelea kama ametundikwa kwenye msumari. Sentimita 15 hadi 20 inatosha.

Mafundo ya kawaida hayafai kwenye waya mmoja mgumu. Tengeneza kitanzi, kisha sokota ncha zote mbili kwa pamoja, zivukane kama herufi X, mizunguko minne. Zisokotane zote, usiache moja ikanyooka na nyingine ikauzunguka, maana hiyo inateleza. Baada ya hapo ndiyo uuzungushe wa pembeni peke yake kwenye ule ulionyooka, mizunguko mitano iliyobanana. Mwisho usikate kwa plaizi. Ukunje mkia uwe kama mpini, uuzungushe mpaka ukatike wenyewe, usibaki mwiba wa kukuchana vidole. Waya ukipata mkunjo mkali hata mmoja, tupa.

Na kuna jambo linalorudi kwenye swali la mtoa mada. Kitanzi kiachwe wazi kwenye tundu la nzi, nzi acheze. Ukikibana, waya na nzi vinakuwa mkono mmoja mrefu mgumu, samaki akitikisa kichwa anapata wenzo. Kwangu hii inaweza kueleza wanaotoka kuliko hata risasi za Manyoya_Mawili.

#26 Manyoya_Mawili
Risasi kwanza, waya baadaye. Hatutakubaliana.

#27 Waya_Mwembamba
Kuhusu urefu nimesahihishwa, wa breki siuachi. Upo kila kijiwe cha baiskeli.

#28 Darubini
Salaam. Wakati mnabishana, ni samaki yupi hasa? Kibebe wa hapa ni Hydrocynus vittatus, mistari myeusi ubavuni na lile pezi dogo la mafuta, karibu na mkia, jeusi. Lakini Tanganyika inatajwa pia kuwa na Hydrocynus goliath, yule jitu wa Kongo. Rekodi yake ni kilo 44, mto Kongo, mwaka 1988. Huyo akipiga, habari za namba 9 tusahau.

#29 Mto_Ugalla
Kwa mito yetu, Ugalla na Malagarasi, ni vittatus. Rekodi yake ni kilo 16 na kidogo, kule Ziwa Kariba. Wa kilo tatu wewe mshukuru Mungu. Wa Rufiji na Ruvu wana ndugu mwingine, Hydrocynus tanzaniae, alipewa jina la kitaalamu mwaka 1986.

#30 Bahari_na_Ziwa
Na kwa wanaotaka tarponi bila nauli ya Florida: pwani yetu ya Bahari ya Hindi ina tarponi wake, Megalops cyprinoides. Mdogo sana kuliko wa Atlantiki, ila naye anaruka, anapanda juu kumeza hewa, na kinywa ni kilekile cha mfupa. Fimbo ya 8 inamtosha.

#31 Chubwi
Kigoma mpaka pwani, siku mbili. Kibebe yupo mlangoni.

#32 Kibirizi_Kwetu
Taarifa ya mizani. Kunyanyua fimbo juu: mshale ulisogea kidogo sana, nusu kilo hivi, na fimbo ilikuwa imepinda mpaka inatia huruma. Fimbo imenyooka, mkono unavuta mshipi: ukapita kilo mbili bila jasho. Swali linalofuata: mkono unavuta, mshipi unaovutwa unaenda wapi? Mtumbwini unakwama kwenye misumari, kwenye kasia, kwenye kata ya kutolea maji.

#33 Fundi_Rili
Beseni. Beseni la kufulia la plastiki, kubwa, liweke mbele ya magoti. Tia maji ya kufunika kitako chake tu, mshipi unalala, upepo hauubebi. Mshipi wote unaouvuta uingie humo. Kibebe akiondoka kwa kasi mshipi unatoka kwenye beseni vizuri. Usimame juu ya mshipi mara moja tu, utajua kwa nini naandika hivi.

Mshipi wenyewe uwe wa nchi za joto. Wa nchi baridi kwenye jua la saa saba unalegea na kunata kama ulimbo. Weka mbali na petroli ya injini, na usiupake mkono dawa ya mbu kisha ukaushika, utando wake unayeyuka.

#34 Mto_Ugalla
Hongera kwa mizani. Sasa mpangilio wa kupiga uko hivi. Nzi akishatua, ncha ya fimbo shusha mpaka iguse maji. Hesabu: mshipi unaozama kwa kasi unashuka kama sentimita 15 kila sekunde, kwa hiyo ishirini ni mita tatu. Vuta vipande vya sentimita 40, haraka, simama kidogo, tena. Akimfuata nzi usipunguze mwendo, dagaa anayekimbizwa hapunguzi. Akipiga, usinyanyue chochote. Endelea kuvuta kipande kilekile mpaka mshipi ugome, ukigoma vuta tena mara mbili fupi za nguvu. Fimbo inapanda baada ya hapo tu.

#35 Chubwi
Vidole vinakatika.

#36 Fundi_Rili
Funga plasta kidole cha shahada na cha kati, mikono yote miwili.

#37 Darubini
Maji nayo mnayasahau. Kibebe anawinda kwa macho. Malagarasi ikiwa na tope la mvua unapoteza muda, ngojeni iwe safi, kiangazi. Kuanzia Mei mpaka Agosti upepo wa kusini mashariki unalitikisa ziwa, nzi anarudi kukupiga kisogoni, vaa miwani na kofia. Septemba na Oktoba, kabla mvua haijakolea, maji yana joto na yametulia, ndio muda wake. Alfajiri, na saa moja kabla ya jua kuzama.

Tena ulizeni ofisi ya uvuvi kabla ya kuingia majini. Mwaka 2024 ziwa lilifungwa 15 Mei hadi 15 Agosti, na leseni ni leseni hata kama chombo chako ni manyoya. Mahale, maji ya kilomita 1.6 kutoka ufukweni ni hifadhi, msijifanye hamjui.

#38 Nguruka_Stesheni
Kule Malagarasi mtu anaweza kusimama majini magotini akarusha?

#39 Mto_Ugalla
Hapana. Mamba na viboko. Mtumbwi, au mwamba mkavu ulio juu ya maji, na nyuma yako pawe wazi mita kumi na tano mshipi upite. Matete nyuma yanameza nzi kuliko samaki.

#40 Mwana_Ujiji
Tukishampata, analika? Nasikia miiba yake ni kama sega.

#41 Chubwi
Analika sana. Mchanje ubavuni mistari ya karibu karibu mpaka usikie kisu kinakata miiba, chumvi, ndimu, mafuta yachemke hasa. Miiba midogo inakauka unaitafuna. Ila ukiwa na migebuka kwa mawese na ugali wa muhogo, kibebe mwachie mwenye fimbo.

#42 Bahari_na_Ziwa
Kwanza afike mtumbwini. Na akifika, kidole kisiingie mdomoni. Plaizi ndefu, mshike nyuma ya kichwa kwa kitambaa kilicholowa. Hata aliyetulia anafunga taya ghafla.

#43 Waya_Mwembamba
Narudi kwenye swali, maana mada imeshafika jikoni. Kuna njia ya tatu, si kukaza wala kulegeza. Ukiona mshipi unapanda kwa kasi majini, anakuja juu. Hapo laza fimbo ubavuni, ncha iguse maji au izame kabisa, vuta kwa pembeni. Mshipi ulio chini ya maji unamvuta chini, wengi wanageuka kabla ya kutoka. Asiporuka, ubishi wenu umekwisha.

#44 Mto_Ugalla
Inasaidia akiwa mbali. Akiwa mita nane kutoka mtumbwini mshipi umeshakuwa wima, hakuna pembeni. Na hapo karibu ndipo wengi wanapotoka.

#45 Bahari_na_Ziwa
Karibu wanatoka kwa sababu nyingine: mshipi mfupi hauna mnyumbuko, na breki ya rili bado imekazwa kama mwanzo. Iweke robo ya nguvu ya sehemu dhaifu, kilo tatu hivi, na akikaribia ilegeze kidogo, mkono umalizie.

#46 Chubwi
Tazama, sasa wanalegeza.

#47 Kibirizi_Kwetu
Ahsanteni wakuu. Jumamosi alfajiri, kabla ya Ilagala. Ndoana 2/0 zimenolewa, nusu zina jino, nusu hazina. Nzi sita: watatu wa shanga, watatu wa risasi ndogo. Waya wa gitaa sentimita 18, kitanzi wazi. Beseni limeombwa nyumbani, ruhusa bado. Akiruka, fimbo italala ubavuni kwa samaki watatu wa kwanza, itainama kwa watatu wanaofuata, na hesabu italetwa hapa.

#48 Manyoya_Mawili
Umechanganya vitu vinne kwa mpigo, ukipata hutajua kilichokupa. Anza na macho tu.

#49 Fundi_Rili
Anza na waya.

#50 Mwana_Ujiji
Anza na ruhusa ya beseni.